Corolla 110 na rimu za inchi 17: kinachopanda na kinachoshuka

Kwenye kila kijiwe cha mafundi kuna ubishi huu. Mmoja anasema ukitoa rimu za 14 ukafunga za 17, gari linapanda juu na halitagusa tena matuta. Mwingine anasema litaanza kunywa mafuta. Wa tatu anaapa kwamba beringi na bushi zote, ile mipira ya kwenye maungio ya chini ya gari, zitakwisha kabla ya mwaka kuisha. Wa nne ana Corolla yake imeegeshwa pale pale, imevaa 17, na anasema hajaona tatizo lolote. Wote wana sehemu ya ukweli, ila kila mtu anazungumzia kitu chake akidhani wenzake wanazungumzia hicho hicho.

Tuanzie kwenye chanzo cha mkanganyiko. Rimu ni ile sehemu ya chuma au aluminiamu inayofungwa kwa nati kwenye habu, yaani kitovu cha gari ambacho gurudumu huzungukia. Tairi ni mpira unaoivaa rimu. Gurudumu ni vyote viwili kwa pamoja, vikiwa vimejazwa upepo. Unaweza kupandisha rimu kwa inchi mbili na gurudumu lisirefuke hata kidogo. Unaweza pia kubaki na rimu zako za zamani, ukabadili tairi tu, na gurudumu likakua mpaka likakwaruza fenda. Kwa hiyo anayeuliza "niweke rimu ngapi?" ameuliza nusu ya swali. Nusu nyingine ni "na tairi gani?"

Corolla 110 itatusaidia kuliona hili kwa namba. Ni Toyota iliyouzwa Japani kuanzia 1995 hadi 2000, na nyingi zilizofika kwetu zina injini ya 5A-FE ya cc 1,498. Nyingi zilitoka kiwandani na tairi lililoandikwa 175/65R14 82S. Zipo zilizotoka na rimu za 13, kwa hiyo kabla ya lolote fungua mlango wa dereva usome kibandiko kwenye nguzo. Hicho ndicho kinachokata shauri, maana gari lenye umri huo limepita mikononi mwa watu wengi na matairi uliyolikuta nayo huenda si ya asili.

Namba zile zinasomeka hivi. 175 ni upana wa tairi kwa milimita. 65 ni urefu wa ubavu wa tairi, lakini si kwa milimita: ni asilimia 65 ya ule upana, yaani milimita 113.75. Herufi R inaeleza jinsi nyuzi za ndani zilivyopangwa, na karibu matairi yote ya magari madogo siku hizi ni ya aina hiyo. 14 ni kipenyo cha rimu kwa inchi, sawa na milimita 355.6. Namba 82 ni ya uzito, nitairudia baadaye. S ni mwendo wa juu ambao tairi limeundwa kuuhimili, kilomita 180 kwa saa.

Sasa chukua rimu, ongeza ubavu wa juu na ubavu wa chini: 355.6 na 113.75 mara mbili. Unapata milimita 583. Hicho ndicho kimo cha gurudumu zima kutoka ardhini hadi juu ya tairi, na kwangu mimi ndiyo namba muhimu kuliko zote katika jambo hili. Iandike kwenye simu kabla ya kwenda dukani.

Ukihamia rimu ya 15 na tairi la 185/55R15, kimo kinakuwa milimita 584.5. Tofauti ni milimita moja na nusu, gari halitajua. Ukihamia 16 na tairi la 195/45R16, kimo ni 582. Nayo ni ile ile. Ukifika 17 na tairi la 205/40R17, linalopendwa na vijana wengi, kimo ni karibu 596. Gurudumu limekua kwa milimita 13, na kwa kuwa habu iko katikati, gari lenyewe limepanda kwa nusu yake tu: milimita sita na ushee, unene wa kidole kidogo haufiki. Umelipia rimu nne na matairi manne, na tumbo la gari liko karibu pale pale lilipokuwa. Anayetaka gari lipande ili lisigonge matuta hatasaidiwa na ukubwa wa rimu.

Kilichobadilika hasa ni ubavu wa tairi. Ulikuwa sentimita 11.4, sasa ni 8.2. Hapo ndipo penye gharama halisi.

Watu wengi wanadhani mpira ndio unaobeba gari. Mzigo mkubwa unabebwa na upepo uliobanwa ndani. Mpira kazi yake ni kuushikilia ule upepo na kung'ang'ania barabara. Ubavu ukiwa mrefu, gurudumu linapoingia kwenye shimo la lami, tairi linabonyea, linameza kishindo, kisha linarudi. Ubavu ukiwa mfupi, nafasi ya kubonyea ni ndogo. Tairi linabanwa kati ya ukingo wa shimo na mdomo wa rimu. Hapo kimoja kati ya vitatu hutokea: rimu inapinda, rimu inapasuka, au nyuzi za ndani ya ubavu zinakatika na kesho yake unaona nundu imevimba pembeni ya tairi. Nundu hiyo haizibwi kama pancha. Mpira wa nje ndio pekee uliobaki kuzuia upepo, na unaweza kupasuka ukiwa kwenye mwendo. Tairi la namna hiyo litolewe siku hiyo hiyo.

Rimu ya aluminiamu iliyopasuka hupelekwa kuchomelewa, na ikirudi imepakwa rangi huwezi kuijua. Aluminiamu ya rimu nyingi huimarishwa kwa joto maalum kiwandani, na moto wa kuchomelea huondoa uimara ule pembeni ya mshono. Kwa hiyo unaponunua rimu za mtumba, iwe Shaurimoyo pale Ilala au Kirinyaga Road mjini Nairobi, igeuze rimu uitazame upande wa ndani, ule ambao muuzaji hakukuonyesha. Mshono wa kuchomelea huonekana huko, kama kovu kwenye mdomo wa ndani. Tafuta pia alama ya JWL iliyochapwa kwenye rimu yenyewe; ni kiwango cha Kijapani cha rimu za aluminiamu za magari ya abiria. Alama hiyo haikuhakikishii kila kitu, lakini rimu isiyo na alama yoyote wala namba yoyote nisingeifunga kwenye gari linalobeba watoto wangu.

Ile namba 82 ya uzito ina maana kwamba tairi moja linabeba kilo 475 likiwa na upepo unaostahili. Ukihamia 195/45R16 utakuta mengine yameandikwa 80, yaani kilo 450, na mengine 84 yenye herufi XL, yaani kilo 500. Kimo ni kile kile na upana ni ule ule, ila uwezo ni tofauti. La 80 limeshuka chini ya lile la kiwandani, kwa hiyo usilichukue hata kama bei yake ni nzuri. La XL ni imara zaidi, lakini linahitaji upepo zaidi kidogo ili libebe uzito wake. Ukimwambia kijana wa sheli akujazie kama zamani, utakuwa unaliendesha likiwa legevu, na tairi fupi legevu ndilo linaloumia mashimoni.

Tuje kwenye mafuta na spidomita, maana hapa maneno ni mengi kuliko hesabu.

Spidomita ya gari la umri huu haijui unakwenda mwendo gani. Inachojua ni kwamba magurudumu yamezunguka mara ngapi, kisha inapiga hesabu kwa kudhani kimo ni kile cha kiwandani. Fikiria baiskeli ya mtoto na baiskeli ya Phoenix zikienda sokoni pamoja: ya mtoto itazunguka mara nyingi zaidi kwa njia ile ile. Gurudumu la milimita 583 linazunguka mara 546 hivi kwa kilomita moja. Sasa kuna kosa linalofanyika sana: mtu anafunga rimu za 15 halafu anachukua tairi la 195/65R15, kwa sababu liko kila duka, ndilo lililovaliwa na Toyota Mark II GX100 nyingi na magari mengine mengi ya ukubwa huo. Kimo chake ni milimita 634.5. Linazunguka mara 502 tu kwa kilomita. Gari limeongezewa karibu asilimia 9 bila spidomita kupewa taarifa.

Matokeo yake, mshale ukisoma 50 wewe uko kwenye 54. Mshale ukisoma 100 uko karibu na 109. Spidomita nyingi kutoka kiwandani husoma juu kidogo ya mwendo halisi, kwa hiyo sehemu ya tofauti hiyo inaweza kumezwa, lakini kinga uliyokuwa nayo imekwisha. Kwenye eneo la makazi lenye kibao cha 50, trafiki mwenye tochi hatapiga hesabu ya matairi yako.

Kilomita nazo zinapungua kwenye dashibodi. Umetoka safari, dashibodi inasema 400, kumbe umekwenda 435. Ukigawa lita ulizotumia kwa zile 400, gari litaonekana limekula mafuta zaidi kwa asilimia 9 hata kama halijaongeza tone. Sehemu ya malalamiko ya "tangu niweke rimu gari linakunywa" ni hesabu hii tu.

Lakini sehemu nyingine ni kweli. Gurudumu refu linaifanya gia iwe nzito. Kwa mfano wetu wa 195/65R15, nguvu inayofika barabarani kwenye gia ile ile inapungua kwa asilimia 8. Injini ya farasi 100 iliyozeeka, yenye abiria watano na mizigo, ikipanda mlima wa Kitonga au ule wa Mai Mahiu, itaisikia hiyo asilimia 8. Utashusha gia mahali ambapo zamani hukushusha. Tena kuna uzito wa gurudumu lenyewe. Imani kwamba rimu ya aluminiamu ni nyepesi siku zote si sahihi: rimu ya 17 ya bei nafuu inaweza kuwa nzito kuliko ya chuma ya 14, na uzito wake uko mbali na katikati, mahali ambapo ni kazi kuuzungusha na kazi kuusimamisha. Kwenye foleni ya mjini, ya kwenda na kusimama, uzito huo unalipiwa kwa petroli. Duka lolote lenye mizani linaweza kukupimia gurudumu la zamani na jipya kabla hujatoa hela. Omba.

Breki ni suala linalounganika na hilo, na watu huliongelea kinyume. Magari mapya yana rimu kubwa kwa sehemu kwa sababu yana diski kubwa za breki zinazohitaji nafasi. Kufunga rimu kubwa kwenye Corolla 110 hakuongezi diski. Diski inabaki ndogo, sasa inaonekana wazi katikati ya rimu pana, na ina gurudumu zito zaidi la kusimamisha. Tairi pana linashika vizuri kwenye lami kavu, hilo ni kweli. Kwenye maji ya masika, uzito ule ule wa gari ukitandazwa juu ya tairi pana zaidi, tairi linaelea mapema zaidi, hasa kashata, yale meno ya tairi yanayogusa barabara, zikiwa zimelika.

Sasa tuingie nyuma ya rimu, kwenye mambo yasiyoonekana ukisimama pembeni ya gari. Hapa ndipo rimu nzuri inapogeuka hatari, na hapa ndipo mafundi wengi wanapopita haraka.

Kwanza matundu ya nati. Corolla 110 ina nati nne zilizopangwa kwenye duara lenye kipenyo cha milimita 100. Mark II GX100 ina nati tano kwenye duara la 114.3. Rimu nyingi za magari ya Kijerumani zina tano kwenye duara la 112. Tofauti ya 112 na 114.3 ni ndogo kiasi kwamba rimu ikisukumwa inaingia, na nati zinakaza. Lakini zimekaa upande. Zinakaza juu ya kona, stadi, yaani boliti za habu zinazoshikwa na nati, zinapindishwa kidogo kila gurudumu linapozunguka, na siku moja nati zinaanza kulegea zenyewe. Fundi akikwambia "inaingia hii, bosi", muulize imeingia kwa vidole au kwa spana. Nati sahihi unaizungusha kwa vidole mpaka inapogusa rimu. Na rimu iliyotobolewa matundu mapya ili iingie, iache hapo hapo.

Pili, tundu la katikati. Habu ya Corolla 110 ina kipenyo cha milimita 54.1. Rimu nyingi za dukani zimetobolewa tundu kubwa zaidi ili ziuzwe kwa kila gari. Gari linafungwa, linaondoka vizuri, halafu likifika kilomita 80 hivi kwa saa usukani unaanza kutetemeka. Mwenye gari anapelekwa kubalansi mara mbili, anauziwa tairodi, vile vyuma vya usukani vinavyogeuza magurudumu, na mtetemo haukomi. Mara nyingi kinachokosekana ni pete nyembamba ya plastiki au aluminiamu inayojaza nafasi kati ya habu na rimu, kitu cha bei ndogo sana ukilinganisha na hizo tairodi.

Tatu, rimu inakaa ndani au nje kiasi gani. Namba yake imechapwa nyuma ya rimu baada ya herufi ET. Rimu za kiwandani za gari hili huwa karibu na ET45. Namba ikishuka, gurudumu linasogea nje. Ukifunga ET20, umelitoa nje kwa milimita 25, kabla ya kuhesabu upana wa rimu yenyewe. Wengi wanapenda linavyojaza fenda. Lakini beringi ya habu iliundwa kubeba uzito ukiwa juu yake, na sasa uzito umehamia pembeni. Usukani unavuta mkono kila gurudumu likigusa shimo upande mmoja. Na abiria wa nyuma wakijaa, fenda inakula tairi. Spesa, yaani visahani vinavyowekwa kati ya habu na rimu, zinafanya jambo lile lile. Yule wa kijiweni aliyesema beringi zitakwisha alikuwa sahihi kuhusu rimu za namna hii. Kuhusu 185/55R15 yenye ET ya karibu na kiwandani, hakuwa sahihi.

Kuhusu bushi, niseme wazi kwamba rimu husingiziwa. Gari la 1997 lenye bushi, boli joint na shokapu ambazo hazijaguswa kwa miaka mingi tayari limechoka. Tairi la ubavu mrefu lilikuwa linaficha uchovu huo kwa kumeza vishindo. Ukifunga tairi fupi, kila kilicholegea kinaanza kugonga. Ndiyo maana naona ni vibaya kununua rimu kwanza kisha shokapu baadaye. Piga jeki, shika gurudumu juu na chini ulitikise, kisha kushoto na kulia. Likicheza, hela ya rimu ina kazi nyingine kwanza.

Wenye RAV4 za zamani na Subaru zinazovuta magurudumu yote manne wana sharti lao: matairi manne yawe na kimo kimoja, na yawe yamelika karibu sawa. Kimo kikitofautiana mbele na nyuma, mfumo unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma unalazimika kufanya kazi muda wote, hata kwenye barabara iliyonyooka, unapata joto na unakufa. Kuukarabati ni ghali mno kuliko seti nzima ya matairi.

Je, nisibadilishe kabisa? Mimi sisemi hivyo. Kwa Corolla 110 inayoishi kwenye lami, rimu ya 15 yenye upana wa inchi 6 na tairi la 185/55R15 ni mabadiliko mazuri. Gari linakaa vizuri zaidi kwenye kona, usukani unajibu haraka, kimo hakijabadilika, na bado una sentimita 10 za ubavu. Kwa anayeshinda mjini na kulala nyumbani, 16 inavumilika. Kwa anayepita barabara ya vumbi kila siku, ningebaki na 14 na hela yote ningeiweka kwenye matairi mapya na shokapu nne. Na kwa anayetaka gari lipande, dawa iko kwenye springi na shokapu zilizo hai; springi nyingi za magari haya zimekwisha kukaa, na kuzirudisha kunaweza kulinyanyua gari kuliko rimu yoyote.

Ukinunua tairi, la duka au la mtumba, tafuta ubavuni tarakimu nne zilizo ndani ya kiduara kirefu. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Mpira unazeeka hata ukiwa stoo. Baadhi ya watengenezaji wa magari wanashauri kubadili baada ya miaka 6 bila kujali kashata, na miaka 10 ndiyo mwisho unaotajwa na watengenezaji wengi wa matairi. Tairi lenye kashata nene na tarakimu za mwaka 2013 si bahati.

Siku ya kufunga, usiondoke gereji kabla hujakata usukani wote kushoto na kulia gari likiwa na watu nyuma. Sikiliza kama kuna kinachokwaruza, kisha upitishe mkono ndani, kwenye shokapu na plastiki ya fenda. Nati zikazwe kwa spana yenye kipimo, Nyutoni-mita 103 kwa Corolla hii, kwa kuvuka kutoka nati moja hadi ile inayoikabili, wala si kwa mashine ya upepo mpaka ilie. Baada ya kilomita 50 hadi 100 zikazwe tena, kwa sababu rimu mpya hujikalia.

Na uliza kuhusu nati zenyewe. Nyingi za rimu za aluminiamu za asili za Toyota za miaka ile hutumia nati yenye shingo na washa bapa; rimu ya chuma, na rimu nyingi za dukani, hutumia nati yenye mdomo wa koni. Ukizichanganya, zitaonekana zimekaza ilhali zimeshika padogo tu. Gurudumu lako la spea ndani ya buti bado lina rimu ya chuma ya 14. Kama nati mpya haziendani na rimu hiyo, weka nne za zamani kwenye mfuko mdogo uufunge pamoja na jeki, ili pancha ya usiku ikikukuta porini uwe na kitu cha kuifungia hiyo spea.